Haki ya bunduki na siasa za nyumbani katika uchaguzi wa Bunge la Marekani

Haki ya bunduki, katika siasa za Marekani, ni haki ya raia kumiliki silaha inayotokana na Marekebisho ya Pili ya Katiba, ya mwaka 1791. Mwaka 2008 Mahakama ya Juu ilithibitisha kwamba ni haki ya mtu binafsi, ikiwemo kuweka bastola nyumbani ili kujilinda. Katiba ni moja nchi nzima, lakini uzito wa suala hili kwenye kura hutofautiana sana. Sisi tunaofuatilia kutoka mbali hupotea hapo, tukidhani Wamarekani wote wanapigia kura swali moja. Viti vyote 435 vya Baraza la Wawakilishi hugombewa kila baada ya miaka miwili, na kila eneo la uchaguzi lina shida zake. Bunduki huingia kwenye kampeni ikiwa imefungamana na riziki na hofu za watu wa pale.

Tazama jimbo la West Virginia, 2010. Gavana Joe Manchin wa chama cha Democratic, akiwania Seneti, baraza jingine la Bunge, alitoa tangazo la televisheni akitia risasi kwenye bunduki, akalenga, akautoboa muswada wa tabianchi uliowekwa kama shabaha. Wachimbaji wa makaa ya mawe waliuogopa muswada huo. Aliyetazama alielewa mambo mawili kwa mpigo: huyu ni mwenzetu, na makaa yetu atayalinda. NRA, chama cha wamiliki wa bunduki kinachowapa wagombea alama kuanzia A hadi F, kilimuunga mkono. Akashinda, mwaka ambao chama chake kilipoteza Baraza la Wawakilishi.

Desemba 2012 watoto 20 na watu wazima sita waliuawa katika shule ya Sandy Hook. Manchin akashirikiana na seneta Pat Toomey wa chama cha Republican kupendekeza ukaguzi mpana zaidi wa wanunuzi wa silaha. Katika Seneti pendekezo lilipata kura 54 kati ya 60 zilizohitajika, na NRA ikamgeuka. Hata hivyo mwaka 2018 alichaguliwa tena. Kwa maoni yangu, alama ya NRA haikuweza kufuta miaka ambayo watu wa kwao walikuwa wamemjua.

Mwaka huohuo, katika vitongoji vya Atlanta, Lucy McBath wa Democratic alishinda kiti cha Baraza la Wawakilishi cha eneo la sita la jimbo la Georgia akidai udhibiti wa silaha waziwazi. Mwanawe Jordan Davis, miaka 17, alipigwa risasi na kufa mwaka 2012 katika kituo cha mafuta huko Florida, baada ya ugomvi juu ya muziki wa sauti kubwa. Kwa wazazi wa vitongoji vile, bunduki lilikuwa suala la usalama wa watoto.

Kisha bunge la Georgia likachora mipaka upya, eneo la sita likapata wapiga kura wengi zaidi wa Republican. Mwaka 2022 McBath aligombea eneo la saba, akashinda. La sita likaenda kwa Republican.