Pampu ya Mnazini na Daftari Lililotupwa

Kwenye kiwanda chetu cha mafuta ya kupikia, Changamwe, Mombasa, kuna pampu inayoitwa "pampu ya mnazini". Mnazi wenyewe ulikatwa kabla sijaajiriwa, na pale uliposimama sasa pana tangi la mafuta ghafi. Hata hivyo, mafundi wa zamani wakisikia mnazini, miguu inakwenda yenyewe. Mhasibu kwenye vitabu vyake anaiita "pampu ya maji ya kupozea, namba 2". Stoo nako kadi ya vipuri vyake imeandikwa "pampu ya buluu", maana ilikuja na rangi hiyo, ingawa chumvi imeshaila yote. Mashine moja ina majina matatu, na kila jina lina faili lake. Mimi ni mpangaji wa matengenezo kwa mwaka wa kumi na moja sasa, na nikiulizwa kazi iliyonitoa jasho kuliko zote, sitaji boila wala giaboksi. Nataja hii ya kuyakutanisha majina matatu juu ya chuma kimoja.

Nianze na kisa cha mota ya pampu hiyo, kwa sababu ndicho kilichonifikisha kwenye ninachokiamini leo: ujuzi kuhusu mashine ni sehemu ya mashine, na hukabidhiwa kwa hesabu kama zinavyokabidhiwa spana.

Mota ni ya kilowati 30, inazunguka kama mara 1,470 kwa dakika. Upande wa kuendesha ina beringi 6312. Anayezisoma namba hizi anajua kwamba tarakimu mbili za mwisho ukizizidisha kwa 5 unapata kipenyo cha tundu la beringi, pale shafti inapopita, kwa milimita, kwa hiyo 12 mara 5 ni 60. Kadi ya stoo ilisema "beringi 6312", na kwa macho ya mtu wa ununuzi hapo hapakupungua kitu. Fundi wetu mkuu alipostaafu, zikaagizwa 6312, zikaja 6312, tukafunga. Baada ya wiki tano mota ikaanza kunguruma, ikawa moto hata kiganja hakikai. Tukabadilisha. Wiki sita baadaye, yale yale. Ya tatu ikajifunga usiku wa Ijumaa katikati ya zamu, ikakwaruza shafti, na uzalishaji ukasimama hadi Jumapili mchana. Tulilaumu grisi, tukalaumu umeme, tukamlaumu kijana aliyeifunga. Kijana hakuwa na kosa lolote, na nilimwomba radhi mbele ya wenzake.

Jumamosi asubuhi nilimpigia simu mzee, yule fundi mkuu aliyestaafu. Alikuja kwa matatu kutoka Kisauni, kofia yake ya viua kichwani kama siku zote, akakaa kwenye benchi ya karakana ambayo aliikalia miaka thelathini. Nikampa boksi la beringi. Akavaa miwani, akaligeuza polepole.

"Mwanangu, hii siyo. C3 yake iko wapi?"

"Kadi haikuandikwa C3, mzee."

"Kadi haikuandikwa. Daftari langu liliandikwa."

Daftari lenyewe lilikuwa la shule, la mistari, na alikuwa ameliacha ndani ya kabati lake akijua litamfaa atakayemfuata. Wiki moja baada ya yeye kuondoka kabati likasafishwa apewe mwingine, na vyote vilivyokuwamo vikaenda na taka. Karatasi ya kuruhusu kabati lisafishwe ina saini yangu.

Herufi na tarakimu hizo mbili, C3, maana yake ni kwamba ndani ya beringi, kati ya gololi na njia zake, kuna nafasi kubwa kuliko ya kawaida. Kwa tundu la milimita 60, beringi ya kawaida ina nafasi ya maikroni 8 hadi 28; maikroni moja ni sehemu ya elfu ya milimita. Yenye C3 ina 23 hadi 43. Unywele wa mtu ni kama maikroni 70, kwa hiyo tunazungumzia kitu ambacho jicho halikioni. Sasa fikiria kinachotokea mota ikifanya kazi. Beringi imebanwa kwenye shafti, na kule kubanwa peke yake kumeshakula sehemu ya nafasi hiyo. Kisha joto la rota, sehemu ya mota inayozunguka, linapita kwenye shafti hadi kwenye duara la ndani la beringi, wakati duara la nje limekaa kwenye ganda linalopulizwa na feni. Chuma hutanuka kama maikroni 12 kwa kila mita kwa kila nyuzi moja ya joto. Duara la ndani likiwa na kipenyo cha milimita 75 hivi pale gololi zinapopita, na likiwa moto kuliko la nje kwa nyuzi 20, maikroni 18 zimekwenda. Kama ulianza na 15, gololi sasa zinasagwa. Ndiyo sababu mota nyingi za ukubwa huu hutoka kwa mtengenezaji zikiwa na C3, na ndiyo sababu ukiipoteza alama hiyo kwenye kadi umepoteza mota, hata kama bado umeisimamisha pale pale.

Alichokuwa nacho mzee si siri, maana kimeandikwa kwenye katalogi yoyote ya beringi. Lakini katalogi ina maelfu ya beringi, na haijui kwamba mota ya mnazini inapigwa na jua la alasiri kuanzia saa tisa. Yeye alijua. Mwaka fulani huko nyuma ilimtokea kama ilivyotutokea sisi, akaandika sababu, na kampuni ikawa imeshalipia somo hilo mara moja. Sisi tukalilipia mara ya pili, kwa bei ya juu zaidi.

Wengi mnaijua kanga iliyoandikwa "Mali bila daftari hupotea bila habari". Watu huichukulia kuwa ni ya wafanyabiashara, hesabu za fedha. Mimi naisoma kwa upande wa karakana. Rejista ya mali ya mhasibu inaonyesha mota ilinunuliwa lini, kwa bei gani, na thamani yake imeshuka kiasi gani. Hizo ni habari za lazima. Ila kwenye rejista hiyo tulikuta mota mbili zilizouzwa kama chuma chakavu zamani na bado zinahesabiwa, na kompresa moja iliyokuwa ikifanya kazi kila siku bila kuwa na mstari wowote. Ilitubidi tuzunguke kiwanda kizima kwa miguu, watu watatu: mmoja wa uhasibu, mmoja wa stoo, mmoja wa karakana, wote wanatazama chuma kile kile kwa wakati mmoja. Ilichukua siku tisa. Kampuni ikitaka kuanza mahali, naishauri ianze hapo, na isiwaruhusu hao watatu kutembea mbalimbali.

Baada ya hapo tukatoa namba, na hapa pana jambo ambalo nililielewa kwa kuchelewa. Namba ni mbili, si moja. Kuna namba ya mahali na kuna namba ya chombo. "Mnazini" ni mahali: hapo lazima kuwe na mota ya kilowati 30 inayosukuma maji ya kupozea. Lakini mota iliyopo hapo leo inaweza kuungua kesho, ikapelekwa kufungwa koili upya, na ikirudi ikawekwa kwenye pampu nyingine kabisa. Ukiiandika historia kwa mahali tu, mota iliyofungwa koili mara tatu itaonekana mpya kila inapohama. Ukiiandika kwa chombo tu, hutajua kwamba mahali hapa panaua mota kila miaka miwili, kwamba tatizo ni msingi uliopinda wala si mota. Zote mbili zinahitajika, na kila kadi ya kazi inazibeba zote mbili.

Vibao vya namba tulitengeneza kwanza kwa stika. Kwa Mombasa ilikuwa kazi bure. Unyevu wa hewa hapa mara nyingi hupita asilimia 70, na chumvi ya kawaida ikifikia unyevu wa asilimia 75 hivi huanza kunyonya maji hewani na kuyeyuka yenyewe. Utando wa chumvi ulioletwa na upepo mchana unakuwa maji ya chumvi usiku, hata kama mvua haijanyesha. Stika zikabanduka, vibao vya bati vikaota kutu. Sasa tunatumia chuma cha pua cha daraja la 316, lenye molibdeni inayosaidia kuzuia chumvi isikitoboe, na namba zimegongwa kwa patasi ya herufi.

Kazi ya kuvuna ujuzi wenyewe ni ya subira. Tulimrudisha mzee kwa mkataba wa miezi mitatu, siku mbili kwa wiki. Mwanzoni nilimpa fomu ajaze. Akajaza vizuri, kwa mwandiko mzuri, na haikuwa na lolote ambalo hatukulijua. Mtu aliyefanya kazi miaka thelathini hajui kwamba anachokijua ni ujuzi; kwake ni mambo ya kawaida tu. Nikaacha fomu, tukawa tunatembea. Baada ya chai ya saa nne, mahamri na mbaazi, tunachukua mashine moja, yeye anaigusa, mimi narekodi kwa simu. Niligundua kwamba ukimwuliza "ulifanya nini?" anakujibu neno moja. Ukimwuliza "ulijuaje?" ndipo anasimama, anafikiri, halafu anakuambia kwamba pampu ya pili ikianza kupiga kelele kama mchele unaopepetwa, usiguse beringi, kasafishe kichujio cha upande wa kuvuta, maana maji yanachemka ndani yake kwa kukosa shinikizo. Sentensi hiyo moja sasa iko kwenye kadi ya pampu, na vijana wawili wameshaitumia.

Msisitizo wangu kwenye sababu una msingi mwingine pia. Mwaka 1978 Nowlan na Heap, wahandisi wa shirika la ndege la United Airlines, walitoa ripoti kuhusu jinsi vipuri vya ndege vinavyoharibika, na wakaonyesha kwamba ni asilimia 11 tu ya vipuri walivyovichunguza ndivyo vilivyokuwa na dalili ya kuchakaa kwa umri. Vingine viliharibika kwa nyakati zisizotabirika kwa kalenda, na vingi vilisumbua zaidi vikiwa ndiyo kwanza vimefungwa. Kiwanda cha mafuta ya kupikia si ndege, lakini kadi inayosema "ilibadilishwa Machi" bila kusema ilikufa kwa nini haimsaidii mtu kuamua chochote.

Wanaotafuta cheti watapenda kujua kwamba ISO 9001 ya 2015, kanuni ya kimataifa ya usimamizi wa ubora, kifungu 7.1.6, inaitaka kampuni ijue maarifa inayoyahitaji na iyatunze, na kwamba ISO 55001 ya usimamizi wa mali, iliyotoka kwanza mwaka 2014, imeyataja maarifa waziwazi katika toleo la 2024. Ni nzuri kuwa nayo mkononi unapokwenda kuomba bajeti.

Na programu ya kompyuta? Tunayo, inafaa. Ila usiache mbachao kwa msala upitao. Nimeona kiwanda kikinunua programu ya gharama kubwa na siku hiyo hiyo kikachoma madaftari ya zamu ya miaka ishirini, kwa kuwa "sasa kila kitu kiko kwenye mfumo". Mfumo ulikuwa mtupu. Madaftari ya zamani yapigwe picha kurasa zote, yafungwe kwenye namba za mashine zake, kisha yawekwe mahali pakavu. Tafadhali.

Leo kadi ya beringi hiyo inasomeka hivi: "6312 C3. Bila C3 usipokee. Sababu: mota hupata joto la jua alasiri, duara la ndani hutanuka, tazama kisa cha mnazini." Chini yake kuna namba ya mahali, namba ya chombo, na aina ya grisi, kwa sababu grisi ya lithiamu ukiichanganya na ya poliurea mara nyingi hulainika na kuvuja. Mota ya akiba iliyoko stoo ina alama ya chaki kwenye shafti; kila mwezi karani anaizungusha robo mzunguko ili gololi zisichimbe mashimo mahali pamoja, anapima insulesheni ya koili kwa volti 500, anaandika megaomu alizopata, yaani kipimo cha jinsi insulesheni inavyozuia umeme usivuje. Vitabu vya uhasibu navyo sasa vinasema mnazini.

Fundi wetu wa boila anastaafu Desemba. Tumeanza naye Jumatatu, kwenye vali ya maji ya kulishia, ile ambayo yeye peke yake ndiye anayeweza kuifunga bila kuvuja, na kijana atakayemrithi ndiye anayeshika simu.