Jamani, Simu Haijui Kikopo Kilipo

Mimi nacheza jiokashingi, ule mchezo wa kuficha kikopo chenye karatasi ya kuandika jina, unatangaza koodineti (namba za mahali kilipo) mtandaoni, na wengine wanakitafuta kwa GPS ya simu. Juzi nimepokea tena ile meseji. Mtu si yuleyule ila meseji ni ileile, utadhani wanakopiana: "Kaka koodineti zako feki, nimesimama palepale simu inaposema mita sifuri na hakuna kitu." Halafu na picha ya kioo cha simu kama ushahidi, sifuri kweli, kaizungushia duara jekundu. Sasa naandika hapa mara moja ili mwingine akija nimtumie linki tu, nimechoka kueleza kwa voisi noti.

Mita sifuri haimaanishi umesimama juu ya kikopo. Inamaanisha pale simu yako inapodhani upo wewe ni sawa na pale simu yangu ilipodhani nipo mimi siku naficha. Ni dhana mbili zimekutana, basi. Kikopo chenyewe hakijaulizwa.

Simu ya kawaida, mahali pa wazi kabisa, hamna ghorofa hamna mti, tuseme umesimama mchangani Coco Beach, inakosea kama mita tano hivi. Hapo ni hali nzuri. Na simu yangu siku nachukua namba nayo ilikosea za kwake, na hizo mbili hazikosei kwa kupatana, yako inaweza kuvutia baharini yangu ikavutia barabarani. Kwa hiyo mtu akiniambia kikopo alikikuta mita nane kutoka kwenye sifuri yake mimi namwambia hongera, namba ziko poa sana. Yeye ananiona namtania.

Halafu kile kiduara cha bluu kwenye ramani, hapa ndipo huwa napandisha presha. Watu wanakichukulia kama ukuta, simu ikisema usahihi mita 5 basi uko ndani ya mita 5, kiapo. Hapana bwana. Kwenye Android hicho kiduara kimewekwa kwa uwezekano wa asilimia 68, maana yake karibu mara moja katika kila mara tatu wewe uko nje ya duara lenyewe. Na aliyekadiria ukubwa wa hilo duara ni nani? Simu hiyohiyo! Mwanafunzi kajisahihishia mtihani mwenyewe kajipa tisini, na wewe unakuja kunibandikia hiyo tisini kwenye inbox.

Kazini mimi ni mpima ardhi, tuna vipokezi vya pesa ndefu vinavyosahihishwa na kituo kingine kilichosimama mahali panapojulikana, ndo maana tunashuka mpaka sentimita. Nikiona watu Bunju au Chanika wanagombania mpaka wa kiwanja kwa simu, "GPS inaonyesha bikoni ilikuwa hapa," nashika kichwa. Kiwanja cha ishirini kwa ishirini, ukikosea mita tano umeshakula robo ya upana. Ila hilo la siku nyingine.

Toka Coco sasa uje Kariakoo. Setilaiti za GPS ziko kama kilomita 20,200 juu, na simu yako inachofanya ni kupima muda ambao wimbi limetumia kufika. Katikati ya maghorofa wimbi haliji moja kwa moja, linagonga ukuta wa vioo upande wa pili ndo linakufikia, limechelewa kidogo mno, ila kidogo hicho kwa kasi ya mwanga ni mita za kutosha. Uko Mtaa wa Kongo simu inakuweka mtaa wa pili. Hili mnalijua vizuri tu, ukiita usafiri kwa simu dereva anakupigia "nimefika mbona sikuoni" na wewe humuoni, na wote wawili ramani inasema mko sehemu moja. Hapo hamna anayesema koodineti feki. Ni kwenye jiokashingi tu ndo ghafla simu inakuwa msahafu.

Miti nayo, hasa mwembe mkubwa wenye majani mabichi baada ya mvua, inapunguza nguvu ya wimbi. Na wapi watu wanapenda kuficha vikopo? Chini ya miembe.

Sasa ushauri wa vitabuni kwa anayeficha ni "tulia dakika chache, chukua wastani wa namba." Mahali pa wazi sawa, unasaidia. Katikati ya majengo mimi siuamini sana, kwa sababu kwa hizo dakika chache wimbi linadunda kwenye ukuta uleule, kwa hiyo unachukua wastani wa kosa lilelile. Bora urudi saa nyingine setilaiti zikiwa zimeshahama. Na hata hapo niseme ukweli wangu, kuna kona za Posta nimechukua asubuhi na jioni na namba hazipatani mpaka leo, nikaishia kuchagua ile iliyokaa vizuri kwenye picha ya setilaiti ya Google nikasema Mungu saidia. Na hiyo picha yenyewe nayo inaweza ikawa imesogea mita kadhaa. Kwa hiyo nimesahihisha dhana kwa dhana.

Sasa ule mshale wa kwenye simu unaokuelekeza kwenye kikopo, unaozunguka. Ukisimama, GPS haijui umeangalia wapi, inajua uelekeo pale unapotembea tu. Ukisimama simu inahamia kwenye dira yake ya sumaku, na dira hiyo inachanganywa na kila kitu: nondo kwenye zege, gari lililopaki, kava la simu lenye sumaku, na pengine kikopo chenyewe maana vingi vimebandikwa kwa sumaku. Ndo maana unamuona mtu anazunguka kama pia akifuata mshale, na mshale unamfuata yeye. Tembea. Au izungushe simu kwa umbo la nane kwanza ndo uiamini, na uiamini kidogo.

Kuna kosa jingine ambalo ni la msomaji wa namba, setilaiti haihusiki, na hili ndilo lililojaa kwenye meseji zenu. Vikopo tunaandika kwa digrii na dakika zenye desimali, mfano S 06° 46.450 E 039° 12.300 (mfano tu, msiende, hamna kitu pale). Mtu anaona nukta anaandika kwenye ramani -6.46450 na 39.12300. Sio kitu kimoja! Namba sahihi kwa digrii tupu ni -6.77417 na 39.20500, upande wa Chuo Kikuu. Ukiandika ile ya kwanza umeruka zaidi ya kilomita 34 kwenda kaskazini, uko baharini usawa wa Bagamoyo, na huyo angalau anashtuka. Mbaya zaidi ni anayesoma .450 kama sekunde 45 na .300 kama sekunde 30, kwa sababu yeye anatua zaidi ya nusu kilomita tu kutoka panapotakiwa, mtaa unafanana, miti ipo, anapekua nusu siku halafu ananitukana. Na ukisahau ile S ya mwanzo (kusini), yaani usipoweka alama ya kutoa, karibu Ethiopia, upande wa milima ya Bale.

Tarakimu ya mwisho kabisa kwenye huo uandishi ni kama mita 1.85. Kwa huku kwetu karibu na ikweta ni karibu sawa ukienda kaskazini au mashariki, wenzetu wa Ulaya ile ya mashariki inasinyaa. Maana yake hata ningekuwa na kipokezi cha kazini, ukurasa wa kikopo mtandaoni wenyewe hauniruhusu kuandika kitu kwa sentimita. Nashangaa watu wanaodai sentimita.

Anayechukua namba kwenye zile ramani za zamani za 1:50,000 ajue zimechorwa kwa Arc 1960, mfumo wa zamani wa kuhesabu koodineti, simu inatumia WGS84, mfumo wa GPS, tofauti kwa hapa Dar ni mita mia mbili na ushee. Na lile la "bila bando GPS haifanyi kazi", si kweli, simu inapokea tu mawimbi haitumi kitu juu, bando linasaidia kupata ramani na kuanza haraka. Pakua ramani nyumbani. Tuendelee.

Mchezo wenyewe haujawahi kuwa wa kufikishwa mpaka mlangoni. Mpaka Mei 2000 Marekani walikuwa wanalivuruga makusudi wimbi la raia, unaweza kukosea hata mita mia. Mei 2 wakazima ule uvurugaji, kesho yake Mmarekani Dave Ulmer, aliyeanzisha mchezo huu, akaenda kuficha ndoo msituni karibu na Beavercreek, Oregon, akatangaza namba mtandaoni. Alitaka kuona watu watafika karibu kiasi gani, halafu watafute. Watafute! Ndo kazi iliyobaki kwako.

Mimi nafanya hivi. Nikiwa kama mita thelathini naangalia mshale unaelekea wapi huku natembea, naweka alama kwa macho, kale kanguzo, lile jiwe. Nazunguka naingia upande mwingine, naangalia tena. Pale mistari miwili inapokatana ndo eneo langu, halafu simu inaingia mfukoni. Kabisa. Kwa Dar hii kuna faida ya pili, ukisimama kando ya barabara umeshika simu mbele umezubaa, kuna bodaboda itakupunguzia mzigo. Baada ya hapo najiuliza ningekuwa mimi nina kikopo cha ukubwa huu ningekiweka wapi, nasoma dokezo la aliyeficha, natafuta kitu kisichokaa vizuri: mawe yaliyopangwa wakati mengine yametupwa tu, kipande cha gome kimelala kinyume, bomba ambalo halitoki kokote wala haliendi popote. Nyota za ugumu wa eneo kwenye ukurasa wa kikopo nazo mzisome, kikopo cha nyota moja na nusu hakiwezi kuwa juu ya mnazi.

Na kuna wakati namba ni nzuri, macho mazuri, na kikopo hakipo kwa sababu kuna mtu kakihamisha. Kwenye bustani moja upande wa Masaki nilikuwa nimeinama kwenye mizizi ya mti, nikasikia kikohozi nyuma. Mlinzi, mzee wa makamo, kirungu kwapani, chai mkononi.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Umedondosha nini hapo?"

"Sijadondosha mzee wangu, natafuta kikopo kidogo kina karatasi ndani. Ni mchezo tu."

Akaniangalia viatu, akaniangalia usoni, akapuliza chai yake. "Kile cha kijani?"

"Hichohicho."

"Mbona hakipo hapo. Watoto walikitoa wakawa wanakipiga mateke, nikakichukua nikakipachika kwenye ule mti wa pili, pale juu hawafiki. Na wewe unaandika jina kama wale wazungu?"

Alikuwa anakilinda kumbe! Mti wa pili ulikuwa hatua kumi na kitu. Hamna setilaiti ingeniambia hilo, salamu ndo iliniambia. Kwa hiyo sehemu yoyote yenye mlinzi anza na mlinzi, na kama ni mtaani kwa watu wewe ndo unaficha, pita serikali ya mtaa uwaeleze, usisubiri uitiwe mwizi. Karibu na kituo cha polisi, kambi, bandari au daraja usifiche kabisa, sitaki hata kusikia hoja. Kwenye magofu kama ya Kunduchi nayo usipachike kitu ukutani wala kwenye makaburi, yale ni mambo ya kale.

Kinachoua vikopo vya Dar lakini si watoto, ni biashara. Kikopo cha chuma kinaenda kwenye vyuma chakavu, chupa ya plastiki inaokotwa, ikikaa wiki una bahati. Kwa hiyo tunatumia vitu vidogo visivyo na bei, vya rangi ya udongo, na ndivyo vigumu kuonekana, na ndo tunarudi kwenye malalamiko. Sijapata suluhisho. Kuna siku huwa najiuliza kama kweli naficha kwa ajili ya watafutaji au najificha na waokota chupa, ambao wana haki yao ya kuokota. Masika nayo karatasi inakuwa uji, weka penseli, kalamu ya wino inakufa, na kile kipakiti cha kunyonya unyevu kutoka kwenye boksi la viatu kinashiba mapema hakisaidii sana.

Ukikosa, andika kwenye ukurasa wa kikopo kwamba umekosa, sio aibu, mimi nikiona waliokosa wanafuatana ndo najua niende kuangalia. Ukikipata, weka simu juu yake, iache itulie, halafu andika namba zako pamoja na saa na aina ya simu. Watu kadhaa wakifanya hivyo napata namba nzuri kuliko zangu za peke yangu, na nasogeza za kwenye ukurasa bila kinyongo. Cha Kigamboni ndo kina namba chache mpaka sasa, kwa hiyo anayevuka na pantoni wikiendi hii anichukulie moja asubuhi na moja jioni, asichukue zote mbili kwa mkupuo.