NAS ya nyumbani: anza na diski na umeme, boksi baadaye

Maswali mengi ninayopokea kuhusu NAS, yaani boksi la diski linalohifadhi faili za nyumba nzima kupitia mtandao, huanzia kwenye boksi lenyewe: Synology au QNAP, Asustor au TerraMaster? Kwa familia yenye picha za simu, video za harusi na nyaraka zilizoskaniwa, lolote kati ya hayo linatosha. Kinachoamua kama picha zitakuwepo miaka sita ijayo ni diski utakazochomeka ndani, umeme utakaoilisha mashine, na nakala utakayoweka pembeni. Panga pesa kwa mpangilio huo.

Diski zinazouzwa leo ni za namna mbili, CMR na SMR. Kwenye CMR mistari ya data hukaa sambamba bila kugusana. Kwenye SMR hupandiana kama vigae vya paa: ukitaka kubadilisha kigae cha katikati, lazima uinue vilivyokilalia. Kwa diski ya eksteno ya kuwekea filamu, hilo halisumbui. Ndani ya NAS ni balaa, hasa pale diski mbili zinapobeba data ileile, moja ikafa na mpya ikaanza kujazwa upya. CMR ya 4TB hujazwa kwa saa saba hadi kumi hivi. SMR inaweza kuchukua siku kadhaa, na wakati mwingine huchelewa kujibu mpaka NAS ikaihesabu mbovu na kuitoa kazini. Muda wote huo data yako imebaki kwenye diski moja tu.

Mwaka 2020 Western Digital (WD) ilikiri kwamba baadhi ya diski zake za WD Red, zilizouzwa mahsusi kwa NAS, zilikuwa SMR. Baada ya hapo ndipo jina la Red Plus likapewa zile za CMR. Kwa hiyo usinunue kwa rangi wala kwa jina, soma namba ya modeli kwenye lebo. WD40EFAX ni SMR; WD40EFZX na WD40EFPX ni CMR. Kwa Seagate, ST4000VN006 ni IronWolf (ya NAS) ya CMR, na ST4000DM004 ni BarraCuda (ya kompyuta) ya SMR. Zinatofautiana herufi mbili za katikati na tarakimu ya mwisho tu, na muuzaji asiyejua atakwambia zote ni sawa. Diski za kamera za CCTV, WD Purple na SkyHawk, zimejaa madukani kwetu kuliko za NAS. Zinavumilia kuwaka saa 24, lakini zimelengwa kurekodi video bila kusita. Ningezichukua pale tu za NAS zinapokosekana kabisa.

Diski ikifika, usiweke faili hata moja kabla hujaangalia SMART, kumbukumbu ambayo diski hujiandikia kuhusu afya yake. Namba ya 9 ni saa ilizowaka, ya 5 ni sekta (vipande vidogo vya diski) zilizoharibika zikahamishwa, 197 na 198 ni sekta zenye mashaka. Diski mpya iwe na saa chache mno, na hizo tatu nyingine ziwe sifuri. Mwaka mzima wa kuwaka ni saa 8,760, kwa hiyo ukiona 17,000 ujue imeshafanya kazi miaka miwili mahali pengine. Saa hizo hufutika pia: mapema 2025 ziligunduliwa Ulaya diski za Seagate zilizotumika maelfu ya saa zikiuzwa kama mpya, SMART imerudishwa sifuri. Kilichowaumbua wauzaji ni kumbukumbu nyingine ya ndani iitwayo FARM. Kama diski ni ya Seagate, ichomeke kwenye kompyuta ya Linux yenye programu ya smartctl toleo la 7.4 au jipya zaidi, andika `smartctl -l farm /dev/sda` (badala ya sda weka jina la diski yako), kisha linganisha saa za huko na zile za SMART. Zikitofautiana sana, irudishe dukani. Baada ya hapo endesha jaribio refu la SMART usiku kucha.

Umeme ndio unaoua NAS nyingi Afrika Mashariki. Ukikatika katikati ya kuandika, mfumo wa faili unaweza kuharibika. Ukirudi, ukakatika, ukarudi tena ndani ya dakika moja, diski zinaumia zaidi. UPS (betri ya akiba) ya 650VA inatosha NAS ya diski mbili pamoja na ruta, ila hakikisha nyuma ina tundu la USB la kuiunganisha na NAS. Nyingi za bei ya chini hazina. Bila waya huo, NAS haijui kwamba inatumia betri, na betri ikiisha itazimika ghafla vilevile kama isingekuwa na UPS. Waya ukishachomekwa, nenda kwenye mipangilio, chagua izime yenyewe baada ya dakika tatu hadi tano, halafu chomoa plagi ya ukutani uone kama kweli inajizima. Rudia jaribio hilo kila baada ya miezi sita. Betri za ndani, kwa kawaida 12V 7Ah, kwenye joto la Mombasa au Dar huchoka mapema, na UPS nyingi hazikuonyi.

Matumizi yenyewe si makubwa. NAS ya diski mbili inakula takriban wati 15 hadi 20; wati 20 ni uniti 14.4 kwa mwezi. Kwa mteja wa TANESCO aliye kwenye D1, daraja la matumizi madogo lenye kikomo cha uniti 75 kwa mwezi, hiyo si kidogo, kwa hiyo ruhusu diski zilale usiku. Usiifungie kabatini: ninapenda kuona joto la diski chini ya nyuzi 45.

Upande wa mtandao, angalia ruta kwanza. Nyingi wanazogawa watoa huduma zina poti za megabiti 100, yaani megabaiti 11 hivi kwa sekunde: GB 500 zitachukua zaidi ya saa 12. Kwa gigabiti ni saa moja na robo. Huhitaji kubadilisha ruta. Nunua swichi ya gigabiti yenye poti tano, chomeka humo NAS na kompyuta. Spidi ikiendelea kugoma kwenye 100, kagua waya: gigabiti inahitaji nyuzi zote nane, na kichwa kilichobanwa vibaya hupoteza jozi bila dalili nyingine.

Sasa boksi. Nafasi mbili za diski, RAID 1 (diski zote mbili hubeba data ileile), na mfumo wa faili wenye snapshot, kama Btrfs, ili uweze kurudisha faili zilizofutwa kimakosa. Kama unataka NAS ibadilishe video kwa ajili ya televisheni, chukua yenye prosesa ya Intel; vinginevyo prosesa ya ARM, iliyo ya kawaida zaidi, inatosha. Synology iliwabana wanunuzi wa modeli za Plus za 2025 watumie diski ilizoziidhinisha, kisha ikalegeza kwa toleo la 7.3 la DSM, mfumo wake wa uendeshaji, Oktoba mwaka huohuo, hivyo sasisha kabla ya kulalamika. Na usifungue poti kwenye ruta, yaani njia ya kuingilia kutoka intaneti, ili uifikie NAS ukiwa mbali. Qlocker, programu ya kudai fidia ya Aprili 2021, ilifunga faili za watu wenye QNAP zilizokuwa wazi kwenye intaneti. Tumia VPN kama Tailscale au WireGuard.

RAID 1 haikuokoi na wizi, moto, wala faili iliyofutwa, maana inafuta pande zote mbili. Weka diski ya eksteno (hapa hata SMR inafaa), ichomeke kila wiki, endesha programu ya nakala, Hyper Backup kwa Synology au HBS 3 kwa QNAP, kisha ichomoe na uipeleke nyumba nyingine. Kila baada ya miezi mitatu rudisha folda moja kutoka kwenye diski hiyo na ufungue picha kadhaa, kwa sababu ripoti ya kijani haikuambii kama faili zinafunguka.