Wimbi la alna likipungua kiwikoni, ipime mediani kwanza

Katika kipimo hiki tunachochea neva za mkono kwa umeme, kisha tunapima wimbi linalotoka kwenye msuli. Elektrodi iko juu ya msuli unaotanua kidole kidogo. Neva ya alna ukiichochea kwenye kifundo cha mkono inatoa wimbi la milivolti 10. Ukipanda hadi chini kidogo ya kiwiko, 6. Vidole vinawasha kuandika "kizuizi", yaani umeme wa neva umekwama njiani. Subiri.

Kwanza ondoa makosa ya mikono yetu. Chini ya kiwiko alna imezama ndani ya nyama, kwa hiyo umeme uliotosha kifundoni hapo hautoshi. Ongeza mpaka wimbi likome kukua, kisha panda asilimia 20 zaidi. Aliyekuja na jasho la Mombasa, au aliyejipaka mafuta ya nazi, mfute kwa spiriti na umkaushe vizuri, la sivyo umeme unateleza juu ya ngozi na mstari unayumba kabla wimbi halijaanza. Kiyoyozi nacho kisikuponze: ngozi ya mkono isishuke chini ya nyuzijoto 32 za Selsiasi.

Bado ni 6? Elektrodi ziache palepale, uchochee mediani, neva nyingine ya mkono, mbele ya kiwiko, upande wa ndani wa ateri unayoisikia ikidunda. Ikitoa 4, na kifundoni mediani hiyohiyo isitoe kitu, hesabu imefunga: 6 na 4 ni 10. Nyuzi za neva zinazotoa hizo 4 hushuka na mediani, kisha katikati ya kigasha zikavukia alna. Ndio muungano wa Martin na Gruber, ulioelezwa mwaka 1763 na tena 1870. Si ugonjwa, wanao watu kama 15 hadi 30 katika kila 100. Mara nyingi huishia kwenye msuli ulio kati ya gumba na kidole cha shahada, basi usipime kidole kidogo peke yake. Na kifundoni usizidishe umeme kwenye mediani: kidole cha shahada kikichepuka kuelekea gumba, umeshaigusa alna.

Kinachowachanganya wengi zaidi ni pale muungano huu unapokutana na mediani iliyobanwa kifundoni. Unapima msuli wa shina la gumba, muda tangu kuchochea hadi wimbi lianze: kifundoni milisekunde 6.5, kiwikoni 8.9, umbali sentimita 22. Kasi inatoka karibu mita 92 kwa sekunde! Mediani ya kawaida hukimbia 50 hadi 65 hivi. Nyuzi zilizovuka hazipiti penye mbano, zinafika mapema, na wimbi la kiwikoni linaanza kwa kuchovya chini wakati la kifundoni linapanda moja kwa moja. Kasi hiyo usiiandike kwenye ripoti. Andika ucheleweshaji wa kifundoni, yaani zile milisekunde 6.5, na utaje muungano ili daktari wa upasuaji aujue.