"Contém sulfitos" haimaanishi umedanganywa

Wengi huambiwa divai nyeupe fulani ya Ureno haikuingiliwa sana na mtengenezaji, kisha wakigeuza chupa na kukuta maneno "contém sulfitos", yaani ina salfaiti, kemikali inayotumika kuhifadhi divai, hujiona wametapeliwa. La hasha. Hamira inapogeuza sukari ya zabibu kuwa kileo, yenyewe huzalisha salfaiti kidogo, hata pasipotiwa kitu. Sheria ya Umoja wa Ulaya hudai onyo hilo pindi kiwango kinapozidi miligramu 10 kwa lita, ilhali kikomo cha divai nyeupe kavu ni 200. Tofauti hiyo ni kubwa mno!

Kazi yenyewe huanzia shambani. Kule Portalegre nchini Ureno, kwenye miteremko ya milima ya Serra de São Mamede inayopanda kupita mita 1,000, mizabibu mikongwe ya Arinto, Roupeiro na Fernão Pires hukua imechanganyika kwenye udongo wa matale. Baridi ya usiku hutunza uchachu wa zabibu, nao uchachu huwanyima bakteria nafasi, ndiyo maana salfaiti kidogo tu hutosha. Na divai ikionekana kama ina ukungu kwenye glasi? Mara nyingi ni masalia ya hamira, kwa kuwa divai haikuchujwa. Inuse kwanza: ikinuka siki, hapo imeharibika.