Herb Gray wa Canada: yanayosemwa na yaliyokuwepo

Kwa watu wa siasa za Canada ukimtaja Herb Gray utaambiwa fasta, eti yule mzee aliyekuwa waziri miaka 40. Bungeni sawa, aliingia 1962 akatoka Januari 2002, chaguzi 13 mfululizo na watu wa Windsor, Ontario hawakumwangusha hata mara moja. Uwaziri sasa ni habari nyingine. Miaka 7 ya mwanzo mbunge wa kawaida tu, waziri mkuu Pierre Trudeau akamwingiza kwenye baraza la mawaziri 1969, akamtema 1974, akamrudisha 1980, halafu chama chake cha Liberal kikapigwa kwenye uchaguzi wa 1984 na jamaa akasota upinzani mpaka 1993. Piga hesabu mwenyewe, zaidi ya nusu ya safari hana wizara.

Halafu hii ya kwamba eti aliwachukia Wamarekani ndo inanichekesha. Ilianzia kwenye ripoti ya 1972 iliyobeba jina lake, kuhusu makampuni ya nje yalivyoshika uchumi wa Canada, na ikazaa FIRA, chombo cha kukagua wawekezaji wa kigeni, sheria yake ilipita 1973. Matajiri walipiga kelele kweli, ila kukagua sio kufukuza na maombi mengi yalipita. Sasa cheki 1980, Chrysler iko hoi, kampuni ya magari ya Kimarekani hiyo, na serikali ya Canada inakubali kuidhamini mikopo, waziri wa viwanda na biashara ni nani? Huyohuyo Gray! Wala si ajabu, Windsor ilikuwa inakula kwa viwanda vya magari na Detroit ya Marekani iko ng'ambo ya mto tu, unaiona kwa macho, kwahiyo dhamana ikaja na masharti ya ajira na uwekezaji upande wa Canada. Mimi naona ni akili ileile ya 1972, njooni lakini tuelewane kwanza.

Eti alikuwa Myahudi wa kwanza kuwa waziri Canada. Serikali kuu ndio, ila David Croll alishakuwa waziri wa jimbo la Ontario tangu 1934, na naye alitokea Windsor.

Unaibu waziri mkuu je, 1997 hadi 2002? Wengi wanadhani waziri mkuu Jean Chrétien angeanguka basi Gray anarithi kiti moja kwa moja. Hapana, cheo hicho hakimo kwenye katiba, kilianza 1977 na Allan MacEachen, na kinategemea waziri mkuu mwenyewe akitaka.

Na kwamba alikuwa anaboa, duh. Bungeni walimpachika jina la ukungu kwa vile swali la moto lilikuwa linaingia kwenye jibu lake halafu linapotea humo humo, wapinzani wanabaki wanapapasa. Kile ni kipaji bana, na mzee mwenyewe alikuwa shabiki wa muziki wa rock.

Kustaafu nako hakustaafu. Kuanzia 2002 mpaka 2010 aliongoza upande wa Canada kwenye tume ya pamoja na Marekani inayoshughulikia maji ya mpakani, na kazi za namna hiyo ukiwa mchukia Wamarekani sijui unazifanyaje.