Kabla hujaagiza faiba, angalia hiyo "b" uliyoandika ni ndogo au kubwa

Malalamiko yamekuwa mengi siku hizi na mengi yanafika mezani kwetu na wimbo uleule, "tumelipia 100 tunapata 12". Tunafuatilia, tunapima, tunakuta laini iko sawa kabisa. Mteja amelipia megabiti 100 kwa sekunde, kompyuta yake ikishusha faili inamwonyesha megabaiti, na baiti moja ni biti 8, gawanya 100 kwa 8 unapata 12.5. Hamna aliyeibiwa hapo. Naelewa inauma kuona namba ndogo, ila jamani, hiyo hesabu mtu angeifanya kwanza kabla ya kutuandikia barua ya kurasa 3.

Huyo wa nyumbani ana nafuu, akikosea anakasirika tu. Shida ni anayepanga mtandao. Kuna plani tuliletewa, kamera 40, imeandikwa "4MB kila moja, jumla 160MB". Sasa aliyeipokea kasoma kilichoandikwa, B kubwa ni baiti, kwa hiyo 160 mara 8, megabiti 1,280 kwa sekunde. Alafu kumbuka kamera zinapandisha picha, hazishushi, na mtandao wa faiba wa GPON (ule ambao laini moja kutoka kituoni inagawanywa kwa wateja wengi) upande wa kupanda una gigabiti 1.244 kwa sekunde kwa mti mzima, yaani wateja wote wa laini hiyo. Yaani 1,280 haiingii hata ukiwapa hao peke yao splita nzima, kile kifaa kinachogawa laini! Kwa hiyo pendekezo likaja wahamie XGS-PON, toleo la kasi zaidi la mtandao huo, ambayo ni karibu gigabiti 10 kupanda na kushuka, na vifaa vyote viwili, cha kituoni na cha upande wa mteja, vibadilishwe. Tulipouliza hizo kamera ni za aina gani ndo ikajulikana kila moja inatoa megabiti 4, b ndogo. Jumla 160 tu. GPON ileile inawatosha na nafasi inabaki.

Kwa hiyo kabla ya kitu chochote geuza kila namba iwe biti kwa sekunde, zote, hata zile unazoona ziko wazi, ndo ujumlishe. Usijumlishe mchanganyiko alafu ugeuze mwishoni. Na herufi zina maana, M kubwa ni mega, m ndogo ni mili, ukiandika "mb" kwa kufuata kanuni umeandika milibiti, sehemu ya elfu ya biti, na hamna mtu anayepanga faiba kwa milibiti.

Swali la kama kila hatua (kilo, mega, giga) ni mara 1000 au 1024 nalo halituachi. Kwenye spidi ya mtandao ni 1000, basi. Gigabiti 1 kwa sekunde ni biti 1,000,000,000. 1024 ni ya memori na namna baadhi ya programu zinavyohesabu mafaili, na tangu 1998 ina majina yake, kibi, mebi, gibi, inaandikwa KiB, MiB, GiB. Inayowachanganya ni Windows, inahesabu kwa 1024 ila inaandika TB. Chukua kamera zilezile, megabiti 160 ni megabaiti 20 kwa sekunde, siku ina sekunde 86,400, unapata terabaiti 1.728 kwa siku, siku 30 ni 51.84. Ukiweka hayo mafaili kwenye Windows itakwambia 47 na kitu. Hazijapotea, ni baiti zilezile zimehesabiwa kwa fungu kubwa zaidi.

Alafu usipange ukajaza laini mpaka ukingoni. Pakiti (kifurushi cha data) ya kawaida ya Etheneti, mtandao wa waya, ikiwa njiani inachukua nafasi ya baiti 1,538, data yako humo ni kama 1,460, zingine ni anwani, vichwa na nafasi ya kupumua kati ya pakiti na pakiti. Ndo maana gigabiti 1 ikiwa safi kabisa inakupa kama megabaiti 118 kwa sekunde na sio 125. Bakapu ya terabaiti 1 kwenye karatasi ni sekunde 8,000, yaani saa 2 na dakika 13, kiukweli panga saa 2 na dakika 20 na kuendelea. Na kwenye GPON hata ile gigabiti 2.488 ya kushuka ni ya watu wote wa splita hiyo, ikigawanywa 32 na wote wakavuta kwa pamoja kila mmoja anabaki na megabiti 77 hivi.

Kuhusu fomu ya maombi mnayotuletea, naomba mnisikilize vizuri. Tunakagua safu ya kipimo kabla ya namba yenyewe. Kipimo kikikosekana au ukiandika "mega" tu, fomu haikataliwi, inarudishwa na karatasi ya marekebisho, unasahihisha kwa kukata mstari mmoja (sio kupaka korekta), unasaini pembeni ya kila namba uliyobadilisha, alafu inaingia foleni kwa tarehe iliyorudi na sio ile ya kwanza. Ukigundua kosa baada ya kupitishwa, hilo ni ombi jipya la mabadiliko na ada yake. Na kama umeshasaini mkataba na mtoa huduma hapo hatuna la kukusaidia, mikataba mingi inakubana kwa ulichoandika, ukiagiza gigabiti 10 utalipia 10 hata ukitumia robo, na ukivunja kabla ya muda kwa kawaida kuna faini.

Wale wa kamera wamerudisha fomu yao juzi. Spidi wameandika vizuri kabisa, 160 Mb/s, imesainiwa na yote. Kwenye diski wameandika "52Gb". Tumewarudishia.